Vitabu vizito vya watoto ni vya mtoto yupi? Tumzungumzie Beverley Naidoo

BarazaNgamiani (mleta mada)

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Jumamosi baada ya Alasiri huwa nasoma na watoto wa mtaani kwetu hapa Ngamiani. Wengi ni wa darasa la nne mpaka la saba. Vitabu vyangu vingi ni vya Kiingereza, kwa hiyo nasoma ukurasa, nasimulia kwa Kiswahili, halafu tunaulizana maswali. Tumemaliza Journey to Jo'burg cha Beverley Naidoo, na mzazi mmoja kanijia juu: iweje niwasomee watoto habari za maradhi, vifo na polisi, wakati hadithi za sungura na fisi zimejaa tele? Nilimjibu kwa ufupi. Hapa nataka kujibu kwa kirefu, maana najua wanaowaza kama yeye ni wengi.

Kwa wasiomjua, Naidoo alizaliwa Johannesburg mwaka 1943 katika familia ya Wazungu. Alikuwa mtoto wa miaka mitano Makaburu waliposhika serikali mwaka 1948 na ubaguzi wa rangi ukawa ndiyo sheria ya nchi. Nyumbani kwao alikuwepo mama wa Kiafrika aliyempikia, akamfulia na kumlea. Mama huyo alikuwa na mabinti zake watatu, lakini waliishi mbali naye, kwa sababu kazi ilikuwa mjini na watoto hawakuruhusiwa kumfuata. Siku moja, Beverley akiwa na miaka minane au tisa hivi, ikaletwa telegramu. Yule mama akaanguka chini. Wawili kati ya mabinti zake walikuwa wamekufa kwa dondakoo.

Beverley alikuwa amechanjwa dhidi ya ugonjwa huohuo. Leo chanjo hiyo mtoto wa Pangani anaanza kuipata kliniki akiwa na wiki sita. Wale mabinti waliikosa kwa sababu ya rangi yao tu.

Sasa sikilizeni jambo linalonifanya nimheshimu huyu mwandishi. Anasema wazi kwamba utotoni hakuyaona haya. Aliyaishi, yalitokea sebuleni kwao, na bado hakuyaona, kwa sababu watu wazima wote waliomzunguka waliyafanya yaonekane ya kawaida. Hadi alipofika Chuo Kikuu cha Witwatersrand ndipo macho yakaanza kufunguka. Akaingia katika harakati za kupinga ubaguzi, na mwaka 1964, akiwa na miaka 21, akakamatwa na kuwekwa kizuizini peke yake bila kesi. Ndugu yake wa kiume naye akafungwa. Mwaka 1965 akahamia Uingereza, akaolewa na mkimbizi mwenzake wa Afrika Kusini mwenye asili ya Kihindi, ndoa ambayo kwao ilikuwa kosa la jinai. Akawa mwalimu katika shule za London.

Journey to Jo'burg kilitoka mwaka 1985. Nakala alizowatumia jamaa zake Afrika Kusini zikakamatwa njiani, na kitabu kikapigwa marufuku huko hadi mwaka 1991. Kitabu cha watoto, chembamba, chenye picha, serikali yenye jeshi na vifaru ikakiogopa.

Kisa chenyewe ni hiki. Naledi ana miaka 13, mdogo wake Tiro ana 9. Baba yao alikufa kwa kikohozi cha migodini. Mama yao ni mtumishi wa ndani Johannesburg, kilomita 300 kutoka kijijini. Mdogo wao wa mwisho, Dineo, kashikwa na homa kali na watu wazima hawana hela ya daktari. Wale watoto wawili wanaamua kwenda kumwita mama, kwa miguu.

Wanafika. Mama anamwomba tajiri wake ruhusa. Tajiri anasema pole, lakini jioni hii nina shughuli, nani atabaki na Belinda? Belinda ni binti yake mdogo. Basi mama anabaki kumlea Belinda usiku ule, ilhali mwanawe yuko taabani, na safari inangoja asubuhi.

Hapo watoto wangu wa baraza walipiga kelele. Mmoja wa darasa la tano akauliza, "Belinda alijua?"

Swali hilo limenikaa. Kila tunapobishana kuhusu vitabu vizito vya watoto, tunamfikiria mtoto mwenye shida: yatima, mtoto wa mtaani, mtoto aliyepigwa. Tunasema ni vizuri ajione kitabuni, au tunasema tusimkumbushe machungu. Mimi nasema vitabu hivi ni vya Belinda vilevile, pengine zaidi. Naidoo mwenyewe alikuwa Belinda. Alilindwa asijue, na ulinzi ule ulikuwa sehemu ya ubaguzi wenyewe, maana mtoto asiyeambiwa hukua akawa bibi wa nyumba asemaye "jioni hii nina shughuli" huku akijiona mtu mwema.

Na hapa Tanga mnajua nyumba ngapi zina binti wa kazi kutoka Lushoto, Handeni, Kilindi, Singida, na watoto wa nyumba hizo wanamwita dada bila kujua kwao ni wapi.

Karibuni tujadili.

BabaWaWanne

Mleta mada, nimesoma mpaka mwisho na nimekuelewa. Lakini nina la kusema kwa dhati.

Nina watoto wanne, mkubwa ana miaka kumi na miwili. Dunia hii itawafikia tu. Wataona misiba, wataona talaka, wataona watu wanavyodhulumiana. Kwa nini mimi mzazi niiharakishe? Utoto ni mfupi. Mwaka mmoja wa mtoto kuamini kuwa watu wazima wanajua wanachofanya ni mali, na wewe Jumamosi moja unamwondolea.

Halafu kuna hili la usiku. Mchana mtoto anasikiliza vizuri barazani, anajibu maswali, unamsifia. Usiku anakuja chumbani kwetu. Mwanangu wa tatu aliposikia habari za meli iliyozama akakataa kabisa kupanda boti kwenda Pemba kwa bibi yake. Aliyekesha naye ni mama yake, msimuliaji alikuwa kwake kalala.

Chuoni

Nafundisha madrasa. Nichangie kidogo.

Watoto wetu wa miaka sita na saba wanahifadhi Surat Dhuha. Ndani yake Mtume anakumbushwa kwamba alikuwa yatima akapewa makazi, na mwishoni kuna amri ya kutomwonea yatima. Tunawafundisha pia kwamba baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake akafariki yeye akiwa na miaka sita. Miaka sita, umri wao hasa. Sijawahi kuona mzazi akaja kulalamika kwamba tumemtisha mtoto. Wanasikiliza wakiwa wametulia kuliko siku nyingine zote.

Na bibi zetu je? Hadithi ya yule binti aliyetiwa na zimwi ndani ya ngoma akawa anaimbishwa kijiji kwa kijiji, mpaka mama yake akaitambua sauti. Ile ni habari ya mtoto kutekwa. Tuliisikia gizani, baada ya "hadithi, hadithi", tukalala. Lakini tulilala tukiwa tumembana bibi kwa ubavu, na hapo namuunga mkono BabaWaWanne. Jambo zito mtoto hulisikia akiwa na mtu wake karibu.

BarazaNgamiani (mleta mada)

Baba, hoja ya usiku naikubali yote. Lakini mwanao hakutishwa na kitabu. Alisikia habari ya meli nusunusu, watu wazima wakiongea juu ya kichwa chake, bila mtu aliyegeuka kumwambia nini kimetokea na nini kinafanyika ili kisitokee tena. Mwandishi mzuri wa watoto anafanya kazi hiyohiyo watu wazima waliyoiacha.

Nikupe mfano. Mwaka 2000 Naidoo alitoa The Other Side of Truth, kikapata Medali ya Carnegie, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule Uingereza. Ni habari ya Sade, miaka 12, na mdogo wake Femi, miaka 10, watoto wa mwandishi wa habari wa Lagos anayeikosoa serikali ya kijeshi, wakati ambapo mwandishi Ken Saro-Wiwa, mkosoaji wa serikali hiyohiyo ya Nigeria, amenyongwa Novemba 1995. Kitabu kinaanza asubuhi, Sade anatia kitabu chake cha Kiingereza kwenye mkoba wa shule. Mama anapiga yowe. Risasi mbili. Waliomlenga baba wamemuua mama hapo hapo nje ya nyumba, watoto wakijiandaa kwenda shule.

Ukisikia hivyo unasema huyu mwandishi hana huruma. Sasa angalia anavyofanya. Mauaji yenyewe ni mistari michache, hayarudiwi kwa kunogesha, damu haipakwi ukurasa mzima. Kurasa zote zinazobaki ni za baada ya hapo: hofu ya uwanja wa ndege na pasi isiyo yako, kutelekezwa London, kutojua useme jina lako la kweli au la uongo kwa afisa anayekuhoji, kuonewa shuleni na wasichana wenzako. Na muda wote Sade anakumbuka maneno ya mama na baba yake, mafumbo na methali walizomwachia, anayashika. Msomaji wa miaka kumi na miwili hafunzwi jinsi watu wanavyouawa. Anaonyeshwa mtoto mwenzake anavyoendelea kuishi kesho yake, na keshokutwa.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta kitabuni kabla sijakipeleka barazani. Kama mwandishi anakaa kwenye tukio muda mrefu kuliko anavyokaa na mtoto, nakirudisha kabatini.

ChakiNaUbao

Mimi mwalimu wa msingi, wilaya ya Muheza. Mada hii imenigusa kwa upande mwingine.

Kila tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Mnajua inavyokuwa: sare zimepigwa pasi, mabango, ngonjera tumeifanyia mazoezi wiki mbili, mgeni rasmi anakaa chini ya turubai, soda zinagawiwa. Ngonjera yenyewe ni ya haki ya kupata elimu na kupinga mimba za utotoni. Mambo mema. Lakini simsikii mtu akiwaambia watoto kwa nini ni tarehe 16, kwa nini ni Juni.

Ni kwamba mwaka 1976 watoto wa Soweto waliandamana wakikataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu, na polisi wakawapiga risasi. Hector Pieterson, mmoja wa waliouawa, alikuwa na miaka 12, darasa la sita la kwetu. Picha yake akiwa amebebwa mikononi ilizunguka dunia nzima. Siku hii Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliianzisha kwa ajili ya watoto wale, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Sisi tumebakiza soda na turubai.

Na hata si historia ya mbali. Waliotoroka baada ya Soweto wengine walifika hapa nchini. Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC, chama cha Afrika Kusini, ardhi pale Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu Aprili 1979. Majengo yapo, sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mwanafunzi wangu anaweza kupanda basi akaenda kuyaona.

Mleta mada, hicho Journey to Jo'burg kinagusa 1976?

BarazaNgamiani (mleta mada)

Kinagusa, mwalimu. Naledi na Tiro wakiwa Johannesburg wanapokelewa na binti anaitwa Grace, anawapeleka kulala kwao Soweto, anawasimulia habari za kaka yake Dumi aliyeandamana, akakamatwa, kisha akatoroka nchi. Familia haikujua yuko hai au la, hadi ikaja barua. Ni kurasa chache tu. Lakini watoto wangu walipofika hapo waliuliza alikimbilia wapi, na kitabu hakitaji. Mimi nikawaambia habari za Mazimbu. Mngewaona nyuso zao walipoelewa kwamba mtu wa namna ya Dumi angeweza kuwa alipita Morogoro.

Tarehe 16 Juni ijayo, badala ya ngonjera, soma sura hiyo. Dakika kumi hazifiki.

Mwambao_Kaole

Niko Bagamoyo. Nyie mna kitabu, sisi tuna mji mzima ambao ni kitabu kizito cha watoto, na tunausoma vibaya.

Mabasi ya shule yanakuja kutoka Dar, hasa muhula ukikaribia kwisha. Watoto wanashushwa Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, wanapelekwa Misheni, wanamalizia magofu ya Kaole. Wanasimama juani, mwongozaji anataja miaka, wanaandika kwenye daftari, wanapiga picha, wanapanda basi. Biashara ya watumwa inapita kwa dakika tano, nayo inasimuliwa kama kitu walichofanya watu fulani wa mbali kwa watu fulani wa mbali.

Kumbe Misheni ile ya mwaka 1868 ilianza na nani? Wengi wa waliokombolewa na mapadre walikuwa watoto. Watoto wa umri wa hawa wanaoandika daftarini, waliotembezwa kutoka bara hadi pwani, wasiokumbuka hata njia ya kurudi kwao. Simsikii mtu akiwaambia wanafunzi jambo hilo pale pale.

Na liko zito zaidi. Hapa mjini wapo wazao wa walionunua, wa walionunuliwa, wa wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa ujira wao, wa mabaharia, na tumeoana, tunazikana. Ukimwambia mtoto wa Bagamoyo ukweli wote, lazima siku moja aulize, "Sisi tulikuwa upande gani?" Watu wazima wanaogopa swali hilo, ndiyo maana wanakimbilia kutaja miaka.

Huyo Naidoo kaandika lolote kwa ajili ya mtoto ambaye ukoo wake ulikuwa upande wenye makosa? Nauliza kwa sababu nahitaji.

BarazaNgamiani (mleta mada)

Mwambao, umeuliza swali ambalo ndilo moyo wa mada yangu. Ndiyo, kaandika. Tafuta Burn My Heart, cha mwaka 2007. Kinatokea kwa jirani zetu Kenya, miaka ya mwanzoni mwa 1950, wakati wa Mau Mau na hali ya hatari. Mathew ni mtoto wa mlowezi wa Kizungu. Mugo ni kijana wa Kikikuyu, anafanya kazi jikoni kwao, na shamba lile lilikuwa ardhi ya babu zake. Ni marafiki, au Mathew anadhani ni marafiki. Unatokea moto shambani. Mathew anajua ukweli wa moto ule. Ananyamaza, na wanaoumia kwa ukimya wake ni Mugo na jamaa zake.

Mwandishi hamfanyi Mathew shetani. Ni mtoto muoga wa kuadhibiwa na baba yake, kama mtoto yeyote. Na bado ukimya wake unavunja maisha ya watu. Huwezi kumaliza kitabu kile ukiwa na amani, wala hakuna ukurasa wa mwisho ambapo wanakumbatiana yakaisha. Kwa mtoto wako wa Bagamoyo ningeanzia hapo: si kumbebesha dhambi ya babu, ni kumwonyesha yale ambayo yeye mwenyewe leo anaweza kuyanyamazia.

Nadhani Naidoo aliweza kukiandika kwa sababu alikwishajiuliza swali lako kuhusu nyumba aliyozaliwa.

Mshambaa_Mjini

Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika.

Mimi nilifanya kazi za ndani Tanga mjini. Nilitoka Lushoto nikamwacha mwanangu kwa mama yangu, alikuwa hajafikisha miaka miwili. Siku moja palikuwa na wageni, watu wa posa. Tangu alfajiri niko jikoni: nazi nimekuna, kuku nimewanyonyoa, sambusa nimefunga. Simu yangu ilikuwa na mama mwenye nyumba, tulikubaliana iwe inakaa kwake mchana.

Kama saa nane hivi mtoto wa nyumba ile, miaka saba, akaja jikoni. Akasimama kwenye mlango. Akaniambia, "Dada, bibi yako kapiga simu. Mtoto wako anaumwa. Mama kasema usiambiwe mpaka wageni waondoke."

Nilikuwa nimeshika mbuzi ya kukunia nazi. Nikaiweka chini nikaenda sebuleni vilevile, na kanga yangu ya jikoni, mbele ya wageni.

Mwanangu alikuwa na degedege. Alipona, Alhamdulillahi, sasa ni binti mkubwa. Nyumba ile sikurudi.

Namsema huyu mtoto kwa sababu mleta mada kauliza Belinda alijua? Yule alijua. Aliambiwa anyamaze na akashindwa kunyamaza. Alikuja kuniambia huku analia, na alijua atachapwa. Mpaka leo namwombea.

BabaWaWanne

Dada Mshambaa, pole sana. Nimemsomea mke wangu bandiko lako kwa sauti.

Kwetu yuko binti wa kazi, anatoka Handeni. Nimegundua sasa hivi kwamba wanangu wanajua anapenda nyimbo gani na wanamwita dada, lakini ukiwauliza mama yake yuko wapi hakuna atakayejibu. Simu anakaa nayo mwenyewe, hilo lipo. Hayo mengine nitayashughulikia nyumbani kwangu.

Hoja yangu ya umri naishikilia. Mtoto wa miaka sita asisomewe habari ya mama kupigwa risasi. Lakini lile nililosema la kutoharakisha, nalitafakari upya, kwa sababu yule mtoto wa miaka saba hakuna aliyemharakisha. Mzigo alibebeshwa na mama yake mwenyewe.

Mleta mada, unafanyaje katikati ya kusoma mtoto akianza kulia? Au akianza kusema ya kwao?

BarazaNgamiani (mleta mada)

Baba, ahsante kwa kuendelea kukaa nasi kwenye uzi.

Akilia, nasimama kusoma. Simwambii anyamaze na simuulizi mbele ya wenzake. Tunakunywa maji, anayetaka kuendelea anasema, wakikataa tunafunga. Kitabu hakikimbii. Kuna sura ya hospitali katika Journey to Jo'burg, foleni ndefu, na kwenye foleni ile yupo mama kijana ambaye mtoto wake anafia mikononi. Tulipofika hapo nilikuwa nimekwishaisoma peke yangu zaidi ya mara moja, nikajua nitakapopunguza sauti na nitakapotua. Kitabu cha aina hii usikifungue mbele ya watoto kabla hujakimaliza wewe.

Akisema ya kwao, hapo pana uangalifu mkubwa. Mimi si mtaalamu wa ushauri. Simhoji kwa undani, simwahidi kwamba itabaki siri kama ni jambo la kudhuriwa, na siendi kugombana na mtu kwao. Ipo namba 116, ya bure, ni huduma ya simu kwa ajili ya watoto. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ofisi ya ustawi wa jamii. Nimeibandika namba ukutani mahali wanaposoma, kila mtoto aione hata asiponiambia mimi.

Umri: nakubaliana nawe. Journey to Jo'burg nakianza na darasa la nne na la tano. The Other Side of Truth nangoja darasa la saba au kidato cha kwanza. Burn My Heart ni cha sekondari.

Tena nisisitize hili, usinielewe vibaya: hadithi za sungura na fisi zinabaki. Siku nyingine tunasoma za kuchekesha tu, na ni lazima. Mtoto anayelishwa huzuni kila Jumamosi ataacha kuja, na atakuwa na haki.

ChakiNaUbao

Niongeze la darasani. Dineo anapopona, daktari anamwambia mama ampe mtoto maziwa, matunda na mboga. Mama anajiuliza hela itoke wapi. Nimelisoma hilo leo baada ya kukitafuta kitabu, na nimewaza somo la lishe tunalofundisha: mlo kamili, michoro ya samaki, maziwa, machungwa. Watoto wanachora vizuri na mtihani wanafaulu. Hakuna siku tumeruhusu swali la yule mama liulizwe darasani. Nitaliuliza.

Mshambaa_Mjini

Mleta mada, nina swali moja. Yule mama, baada ya mtoto kupona, alirudi kazini kwa yule tajiri?

BarazaNgamiani (mleta mada)

Ndiyo, dada. Hana njia nyingine. Ana siku chache tu nyumbani, kisha arudi Johannesburg. Watoto wangu walikasirika wakitaka asirudi. Mwandishi hakuwapa walichotaka.

Mshambaa_Mjini

Basi anajua anachoandika. Mimi nyumba ile sikurudi, lakini mwezi haukuisha nikawa kwenye nyumba nyingine, Chumbageni, mwanangu nikamwacha tena Lushoto.

Binti yangu yuko kidato cha pili, Kiingereza anasoma vizuri kuliko mimi. Hajawahi kuniuliza kuhusu miaka ile na mimi sijamwambia. Nataka akisome, halafu anisimulie. Nitakipataje?

BarazaNgamiani (mleta mada)

Nakala yangu ipo, watoto wamekwishamaliza. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie uko wapi sasa. Kama ni Lushoto, nitampa kondakta wa basi la asubuhi pale Kange, atakuachia stendi.